Dhiraa Arobaini na Mita Thelathini

Rasimu ya sheria ndogo ya visima ilinifikia ikiwa imepigwa fotokopi mara nyingi hata herufi za pembeni zilikuwa zimeliwa. Mahali pa jina la kijiji paliachwa vitone. Ilikuwa mwaka 2011, nami nilikuwa mtendaji wa kijiji kimoja cha pwani, mkoa wa Lindi: meza moja, kabati la mafaili lisilofungika, na muhuri ambao nilitembea nao mfukoni kwa sababu ya hilo kabati. Sheria mbili za maji za mwaka 2009, ile ya usimamizi wa rasilimali za maji na ile ya usambazaji maji na usafi wa mazingira, zilikuwa ndiyo kwanza zinashuka ngazi ya chini, na wilaya ilitaka kila kijiji kiwe na sheria yake ya kulinda visima. Maelekezo yalikuwa mafupi: jazeni jina, pitisheni kwenye mkutano mkuu, leteni muhtasari na mahudhurio.

Vijiji vingine vilijaza vitone na kurudisha. Sisi tulikuwa na kesi.

Kijiji kilitegemea kisima kimoja cha pampu, Nira, ile ambayo unashika mpini wenye umbo la T na kuuvuta juu na chini. Mradi wa Wafini, watu wa Finland, ulioanza huko Mtwara na Lindi miaka ya 1970 ndio uliozizoesha pampu hizo kwetu. Visima vya kienyeji vilikuwepo vingi, lakini maji yake ya kufulia na kuogea tu. Maji ya kunywa ni ya pampu. Sasa kijana mmoja, mfanyabiashara aliyerudi kutoka Dar es Salaam na mtaji, alichimba kisima kwenye shamba lake, jirani kabisa na pampu, akafunga mashine ya petroli na kuanza kumwagilia nyanya. Kiangazi kilipokolea maji ya pampu yakabadilika. Mwanzoni watu walisema ni mdomo tu. Kufikia Septemba hakuna aliyebisha tena: ulikuwa unapika wali bila kutia chumvi, na chai ilikuwa hainyweki hata uitie sukari ya nyumba nzima.

Fundi sanifu wa maji wa wilaya alikuja kwa pikipiki, akaonja, akatema, akaomba kijiti. Alichora mchangani mstari wa bahari na mstari wa ardhi. Maji matamu, alisema, yanaelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa hesabu za darasani, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba chini yake kama mita arobaini za maji matamu. Ukivuta kwa mashine yakashuka mita moja, chumvi nayo inaanza kupanda kutoka chini, na inapanda arobaini. Nilidhani atawapoteza watu. Wavuvi ndio waliomwelewa kabla yetu wote, maana wanaujua mlango wa mto: maji ya mvua yanapita juu, ya bahari yako chini, na ukitumbukiza kopo kwa kina unachota chumvi. Mmoja akamwambia, "Kwa hiyo huyu bwana mdogo anachotea chini." Fundi akacheka, akasema ndiyo, kwa lugha rahisi ndiyo.

Halmashauri ya kijiji ilikaa jioni hiyohiyo, na wajumbe wakataka kifungu kimoja tu: hakuna kuchimba kisima bila kibali cha kijiji. Nikakiandika. Kilirudi kutoka kwa mwanasheria wa wilaya kikiwa kimekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni ameandika kwamba kijiji hakina mamlaka ya kutoa kibali cha maji. Alikuwa sahihi. Kwa sheria ya 2009 maji yote ya nchi ni mali ya umma, yako mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi, na kibali cha kuyatumia kinatolewa na bodi ya maji ya bonde. Sisi tuko bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, ofisi yake Mtwara. Mwenye kisima cha kuchimba kwa mkono kwa matumizi ya nyumbani hahitaji kibali. Mwenye mashine ya biashara anahitaji. Kijana wa nyanya hakuwa nacho, lakini wa kumuuliza ni Mtwara, si mimi.

Nikabaki na swali ambalo ile fotokopi haikuligusa: kijiji kinaweza kuamuru nini hasa? Kinaweza kulinda mahali. Usafi, umbali, saa za kuchota, mifugo, mchango wa matengenezo. Tukaandika upya. Badala ya kibali tukaandika eneo la hifadhi kuzunguka kisima cha umma ambamo hakuna mtu atakayevuta maji kwa injini. Mwanasheria alikipitisha bila wino.

Mkutano mkuu ulifanyika chini ya mkwaju wa ofisi. Akidi ilitimia mapema, jambo la nadra, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume kwa kuwa habari zilishaenea kwamba inazungumzwa pampu. Nilisoma kifungu kwa kifungu. Nilipofika pale pasemapo mtu yeyote atakayefua nguo kisimani atatozwa faini ya shilingi 50,000, bibi mmoja alisimama bila kunyoosha mkono.

"Mwanangu mtendaji, sheria hii kaandika nani?"

Nikamwambia imetoka wilayani, Bibi.

"Mwambie aje abebe ndoo ya kufulia mpaka kwangu. Kisha aende ya pili."

Watu wakacheka, ila yeye hakucheka, na mwenyekiti akamwuliza anapendekeza nini. Alikuwa nacho tayari: lijengwe jiwe la kufulia upande wa chini wa mteremko, maji ya povu yaelekee kwenye migomba, na atakayefua juu ya jiwe hilo asitozwe kitu. Faini ishuke iwe 5,000, "kwa sababu elfu hamsini hakuna atakayeilipa, na mkishasamehe wa kwanza mmeisamehe na sheria." Sijawahi kusikia hoja ya kutunga sheria iliyopangwa vizuri kuliko hiyo, na nimekaa kwenye semina za hoteli. Ikapita kwa mikono yote.

Kifungu cha vyoo ndicho kilichotutoa chini ya mkwaju. Rasimu ilisema choo cha shimo kisiwe ndani ya mita thelathini kutoka kisimani. Kila mtu alikubali kichwani. Halafu mzee mmoja akauliza, je, mita thelathini zinaishia wapi? Hakuna aliyejua. Fundi alikuwa na tepu ya mita hamsini kwenye begi la pikipiki. Mkutano mzima ukasimama na kumfuata.

Mtoto wa shule alishika mwanzo wa tepu kwenye ukingo wa sakafu ya pampu, fundi akaivuta. Kila alipofika kwenye choo alisoma kwa sauti na mimi niliandika. Kumi na nne. Ishirini na saba. Thelathini na moja, na mwenye nyumba akapiga kofi kama kafaulu mtihani. Nyumba ya mwenyekiti: ishirini na tano. Kimya kidogo. Choo cha msikiti: ishirini na mbili, tena upande wa juu wa mteremko, ardhi yenyewe mchanga mtupu.

Hapo mwalimu wa madrasa akatoa hoja. Katika fikihi, alisema, kisima kina harimu yake, eneo ambalo wengine hawaligusi, nayo ni dhiraa arobaini. Akalaza mkono wake kwenye tepu, kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati: sentimita arobaini na saba. Nikapiga hesabu kwenye simu, mita kumi na nane na sentimita themanini. Choo cha msikiti kilikuwa nje ya harimu. Minong'ono ya furaha ilianza, na nilishaona jinsi serikali na dini vitakavyogombana mbele ya kisima cha Wafini. Lakini mwalimu aliinua mkono kuwanyamazisha. Harimu hiyo, akaendelea, iliwekwa ili mifugo ya mwenye kisima ipate pa kupumzika, na kisima cha pili kisichimbwe kikakifukarisha cha kwanza. Haikuwekwa kwa ajili ya choo. Najisi ina hukumu zake. "Kwa hiyo dhiraa arobaini zinamhusu mwenye mashine," akamalizia, "na mita thelathini zinatuhusu sisi wenye choo."

Mwenye mashine alikuwepo, amesimama nyuma na mikono kifuani. Akasema alichimba kwa fedha yake, kwenye shamba la baba yake, na hakuna aliyemsaidia hata kubeba udongo. Hilo lilikuwa kweli. Akasema pia kwamba nyanya zake zinaliwa hapahapa kijijini, nalo lilikuwa kweli. Mwalimu akamjibu kwa upole kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Kijana akamwangalia fundi, akauliza kama pampu ya kukanyaga kwa miguu inahesabiwa kuwa injini. Fundi akasema hapana. Kijana akaondoka bila kuaga. Wengi walisema kasusa. Mimi niliona amekwenda kupiga hesabu zake. Baada ya msimu wa korosho alihamishia mashine shamba la mbali na kisima cha umma, akaja ofisini kuomba barua ya utambulisho ya kupeleka Mtwara kwa ajili ya kibali.

Vyoo tuliviamua palepale, tukiwa tumesimama. Vilivyo ndani ya mita kumi na tano vifukiwe kabla ya mvua. Vilivyo kati ya hapo na thelathini vitumike hadi vijae, visichimbwe tena mahali hapo. Cha msikiti, kwa kuwa kiko juu ya mteremko, kihamishwe kwanza, na gharama zichangwe watu wakishauza korosho. Fundi alinong'ona kwamba kitaalamu hilo la kati si sawa sana. Nikamwuliza kama anazo fedha za kuchimbia vyoo vyote kiangazi hicho. Akafunga tepu yake.

Tulichelewa kupata idhini. Sheria ndogo ya kijiji haina nguvu mpaka halmashauri ya wilaya iidhinishe, na yetu ilisubiri kikao cha madiwani, ikapita kikao, ikasubiri kingine. Kamati ya maji haikusubiri. Siku moja walimkamata mtu aliyefunga mbuzi wake kwenye uzio wa pampu, wakamtoza 5,000, wakaniletea ili niandike stakabadhi. Nikawaambia hatuwezi kutoza faini kwa sheria ambayo bado haijawa sheria, mrudishieni. Mweka hazina wa kamati, mama mmoja aliyezoea kuhesabu sarafu kwa kuzipanga mezani tano tano, alinitazama kwa huruma.

"Bwana mtendaji, tumeshanunulia mpira wa vali."

Nilimwita mwenye mbuzi. Nikamweleza haki yake yote, na kwamba kijiji kinadaiwa naye 5,000. Akauliza kama pampu inafanya kazi. Nikamwambia tangu jana. Akafikiri, akasema basi iandikwe kuwa ni mchango, ila mbuzi wasitajwe. Nikaandika hivyo, akatia dole gumba, nikatoa muhuri mfukoni.