Tulivyohama Tandika kwenda Kibada

Mara ya kwanza tulihama kutoka Mbagala kuja Tandika. Ilikuwa Aprili, masika yamepamba moto. Godoro la watoto lililowa juu ya gari, dereva akapandisha bei tukiwa katikati ya njia, na bahasha ya vyeti vya kuzaliwa tuliitafuta wiki mbili nzima. Lakini godoro lilikauka. Kilichoniuma ni usiku wenyewe: mimi na mume wangu hatusemeshani, watoto wamelala na njaa katikati ya viroba, mama mkwe wangu amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa sababu kitanda chake hakijafungwa.

Kwa hiyo mwenye nyumba wa Tandika alipotuambia anaitaka nyumba yake kwa ajili ya mwanawe, akatupa miezi mitatu, niliapa. Mizigo itahama siku moja, ila sisi watu tutaanza kuhama mapema.

Nyumba tuliipata Kibada, Kigamboni. Dalali alitaka kodi ya mwezi mmoja iwe yake, mwenye nyumba akataka ya miezi sita. Hapo hapana jipya kwa mtu wa Dar. Jambo nililofanya tofauti ni kwenda kuiona nyumba mara tatu kabla ya kutoa hata senti. Nilikwenda mchana na dalali. Nikarudi peke yangu saa moja jioni, kisha asubuhi moja baada ya mvua kubwa ya usiku, nione maji yanasimama wapi. Safari ya jioni ndiyo iliyonisaidia kuliko zote. Jirani alikuwa anaanua nguo, tukasalimiana, nikamuuliza habari za maji. Akaniambia, "Kisima kipo mdogo wangu, ila maji yake yana chumvi. Ya kunywa tunanunua." Dalali hakuwa amegusia hilo kabisa. Nyumba hatukuiacha, lakini tulinunua madumu sita mapema na hesabu ya maji tukaiingiza kwenye bajeti. Kero uliyoijua kabla haikushtui.

Tulichagua Juni, shule zimefungwa na mvua zimepungua, tena siku ya Jumanne katikati ya mwezi. Mwisho wa mwezi watu wengi wanahama na madereva wanajua hivyo. Uhamisho wa shule nilianza nao wiki sita kabla: kwanza kumuuliza mwalimu mkuu wa shule mpya kama nafasi ipo, ndipo nikarudi shule ya zamani kuomba barua, nikiwa na namba za PREM za watoto, yaani namba zao za usajili wa shule, mkononi. Ukianza upande wa pili unaweza kubaki na barua isiyo na pa kwenda.

Aliyenitia wasiwasi ni wa kati, wa kiume, miaka tisa. Tangu asikie habari ya kuhama alikuwa kimya. Hakulia wala hakubisha, alikuwa anakula na kwenda kulala. Nilimwambia dada yake asimsumbue. Jumamosi mbili mfululizo nilimchukua mimi na yeye tu, tukavuka Daraja la Nyerere kwenda Kibada. Ya kwanza alikaa kibarazani na mpira mapajani. Ya pili alikuja mtoto wa nyumba ya nyuma akamuuliza, "Mpira wako una upepo?" Wakatoweka saa nzima. Tukiwa kwenye daladala ya kurudi ndipo akauliza kitanda chake kitakaa upande gani wa dirisha. Nikamwambia achague yeye. Sikumwambia ataipenda Kibada, kwa sababu sikuwa na uhakika. Nilimwahidi kumrudisha Tandika kucheza na wenzake kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na ahadi hiyo ninaitimiza mpaka leo hata nikiwa nimechoka.

Bibi yao alikuwa na sharti moja, mchaichai wake. Ameupanda kwenye dumu la mafuta la lita ishirini lililokatwa juu, ana miaka nao. Mume wangu alisema mchaichai upo kila mahali, tutapanda mwingine. Nikamwomba aache. Mama wa zaidi ya miaka sabini anang'olewa mtaa aliozoea, halafu tumnyime na dumu moja la udongo? Tuliupeleka siku mbili kabla ya kitu chochote kingine. Na yeye alichukua wiki nzima kuaga, nyumba kwa nyumba, wala sikumharakisha.

Kufungasha nilipata msaada wa fundi cherehani wa mtaani. Aliniokotea vipande vya vitambaa: vyekundu nikafunga kwenye viroba na maboksi ya jikoni, kijani kwa chumba cha watoto, njano kwa Bibi, bluu kwetu. Kule Kibada nikafunga kitambaa cha rangi hiyo hiyo kwenye kitasa cha kila mlango. Siku yenyewe vijana wa kubeba hawakuniuliza kila dakika, "Mama, hii wapi?" Niliwaambia tu, fuateni kitambaa.

Kenta, lori dogo la mizigo, tulipatana laki na ishirini, ndani yake wapakiaji na ushuru wa daraja, nusu wakati wa kuondoka na nusu mzigo wa mwisho ukishuka. Tuliandikiana kwa ujumbe wa simu. Friji lilisafiri limesimama, na hatukuliwasha mpaka usiku ili mafuta ya kompresa yatulie. Bahasha ya vyeti, dawa za presha za Bibi na kitambulisho cha kila mtu vilikaa kwenye mkoba wangu, sikuuvua begani hata nilipokuwa nafagia.

Namba ya mita ya umeme niliiandika mapema, na LUKU, umeme wa kulipia kabla, nikainunua jana yake. Tulifika mita inasoma sifuri. Nikaingiza tarakimu ishirini nikiwa nimesimama kwenye giza la korido, taa ikawaka, na kitinda mimba akapiga makofi.

Kabla ya sufuria wala makochi, tulifunga vitanda na vyandarua. Chakula tulikuwa nacho, nilipika pilau alfajiri Tandika nikaifunga kwenye hotpoti. Bibi akafukiza ubani chumba kwa chumba, mume wangu akasoma dua. Saa tatu usiku watoto walikuwa wamelala, viroba ishirini havijafunguliwa, na hakuna aliyegombezwa. Asubuhi tukaenda serikali ya mtaa kujitambulisha.

Siku ya nne yule jirani wa nguo alibisha hodi. Alikuwa ameuona mchaichai kibarazani, anaomba majani mawili ya chai. Bibi akamkatia fungu zima. Jioni alirudi na dumu la maji ya kunywa, akatueleza yanauzwa nyumba gani kwa bei nafuu, na Bibi akamvutia mkeka wakae.