Herufi L zikijaa kwenye skrini: kuandaa Linux kwa mnara wa 5G

Kompyuta yenye OpenAirInterface au srsRAN (programu huria za mtandao wa simu) na redio ya USRP B210 inatosha kuwa mnara wa 5G wa maabara. Mambo yakienda kombo, skrini hujaa herufi. L maana yake data imeifikia redio wakati saa yake ya kurushwa imeshapita. U: redio imetaka sampuli (namba zinazochora wimbi la redio) ikakuta hamna. O: sampuli zimepokelewa ila kompyuta imechelewa kuzichota. L zikifululizana, simu inakatika.

Anza na waya wa USB unaounganisha redio na kompyuta. Chaneli ya MHz 40 kwenye B210, ukitumia swichi ya -E ya OpenAirInterface, ni sampuli milioni 46.08 kwa sekunde. Kila sampuli ni baiti 4, kwa hiyo unapitisha karibu MB 184 kwa sekunde kila upande. USB 2, hata kwa hesabu ya makaratasi, haivuki MB 60. Endesha uhd_usrp_probe, na isipoandika "Operating over USB 3", usiendelee na lolote lililo hapa chini.

Waya ukiwa mzima, wengi hukimbilia kununua prosesa yenye kasi zaidi. Mara nyingi ni hela ya bure. Kwa mpangilio wa kHz 30 (nafasi kati ya mawimbi madogo ya chaneli), sloti moja ya 5G, yaani kipande kimoja cha muda wa kurusha, inadumu milisekunde 0.5, yaani sloti 2,000 kila sekunde. Sloti 1,999 zikichakatwa kwa maikrosekunde 200 na moja ikachukua 900, wastani utapendeza macho, lakini ile moja imeshaharibika. Mfumo endeshi wa muda halisi unahukumiwa kwa siku yake mbaya kuliko zote.

Kerneli, yaani moyo wa Linux, sasa ni kazi nyepesi: tangu 6.12, iliyotoka Novemba 2024, PREEMPT_RT (hali ya muda halisi) imo ndani ya Linux yenyewe, huhitaji tena kubandika viraka. Iwashe, kisha hakikisha uname -v inaitaja.

Halafu gawa kore (sehemu za prosesa, kila moja hufanya kazi peke yake). Kwenye mashine ya kore 8, mpe Linux 0 na 1, redio ichukue zilizobaki. Ndani ya /etc/default/grub, kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX, ongeza:

isolcpus=2-7 nohz_full=2-7 rcu_nocbs=2-7 irqaffinity=0-1

Endesha update-grub, washa upya. Hapa kuna mtego. Kore zilizotengwa kwa isolcpus hazisawazishiwi mzigo. Ukianzisha programu kwa taskset -c 2-7 ukaishia hapo, nyuzi (threads) zake zote zinaweza kurundikana kwenye kore 2, nyingine tano zikabaki zinaota jua. Kila uzi ufungiwe kore yake.

Kwenye BIOS zima usingizi wa prosesa (C1E, C6) na Hyper-Threading, kisha ndani ya Linux weka gavana (kanuni ya kuamua kasi ya prosesa) ya performance. Kuna adui mwingine asiyeonekana: SMI, pale BIOS inapoinyakua prosesa bila kuiambia kerneli. Mpime kwa hwlatdetect --duration=600 --threshold=10. Ukikuta mapengo ya maikrosekunde 200, tafuta mpangilio wa BIOS wa kuyazima au badilisha mashine. Hakuna ujanja wa kerneli utakaoyatibu.

Sasa pima kwa cyclictest, inayoonyesha uzi unachelewa kuamka kwa kiasi gani:

cyclictest -m -p 90 -a 2-7 -t 6 -i 200 -h 400 -D 12h

Wakati huohuo mashine itwishwe mzigo: stress-ng, iperf3, na faili kubwa likiandikwa diskini. Kupima mashine iliyolala ni kujidanganya. Tazama Max, achana na Avg. Kwa sloti ya milisekunde 0.5 mimi sikubali Max inayozidi maikrosekunde 50.

Vipaumbele navyo vina miiba. 99 waachie nyuzi za kerneli. Nyuzi zinazohudumia vikatizi (interrupts, ishara za vifaa kuomba kuhudumiwa) huendeshwa kwa FIFO 50, yaani kipaumbele 50 kwenye ratiba ya muda halisi. Ukiweka uzi wa redio kwenye 80, ukauacha uzunguke bila kupumzika kwenye kore inayohudumia kikatizi cha USB, utakuwa umemziba mdomo yuleyule unayesubiri akuletee data.

L zikitokea kwa mdundo, fungu moja kila sekunde, mshuku kernel.sched_rt_runtime_us. Thamani yake ya kawaida ni 950000 kati ya 1000000: uzi wa muda halisi usiopumzika unasimamishwa milisekunde 50 kila sekunde, yaani sloti 100. Kwenye kerneli za kabla ya 6.12 iweke -1. Kuanzia 6.12 kazi hiyo imehamia /sys/kernel/debug/sched/fair_server, na kila kore ina faili lake la runtime. Ukiandika 0, kazi ya kawaida iliyonasa kwenye kore hiyo itakufa njaa, ndiyo maana kore zilitengwa kwanza.

Yaliyobaki yamo kwenye msimbo. Ita mlockall (inayozuia kumbukumbu ya programu isihamishiwe diskini) mwanzoni kabisa, na usiite printf ndani ya uzi wa redio. Logi ziende kwenye foleni, uzi mwingine uziandike. Na kufuli: std::mutex ya C++ kwenye Linux hairithishi kipaumbele: anayeishika hapandishwi hadi cheo cha anayeisubiri. Uzi wa logi ukiishika kisha ukasukumwa pembeni na kazi ya kati, uzi wa redio utasubiri wote wawili. Tumia pthread_mutex yenye PTHREAD_PRIO_INHERIT, na hata hiyo ishikwe kwa mistari michache tu.