Walichukua Umoja, Wakawaacha Akina Mama

Kila ninaposoma habari za kuzaliwa kwa demokrasia ya Marekani, humtafuta kwanza Canassatego. Mwaka 1744, katika mji wa Lancaster huko Pennsylvania, kiongozi huyo wa Waonondaga aliwaasa wajumbe wa makoloni ya Kiingereza waungane, kama wazee wa Haudenosaunee, muungano wa mataifa ya wenyeji wa Amerika Kaskazini wakiwemo Waonondaga, walivyoyaunganisha mataifa yao na kupata nguvu. Benjamin Franklin aliyachapa mazungumzo hayo, na mwaka 1751 akaandika kwamba lingekuwa jambo la ajabu ikiwa mataifa sita ya "washenzi" yameweza kudumisha muungano kwa vizazi, ilhali makoloni ya Kiingereza yanashindwa. Neno hilo huniumiza, kwa kuwa limo katika sentensi ileile inayokiri nani alikuwa ametangulia. Mwaka 1754, huko Albany, Franklin alipendekeza muungano wa makoloni, ingawa mabaraza yao yaliukataa.

Sisemi kwamba Katiba ya Marekani ya 1787 ilinakiliwa kutoka kwa Haudenosaunee. Waandishi wake walisoma pia habari za Roma na sheria za Uingereza, na wanahistoria wangali wanabishana. Bunge la Marekani lilitambua mchango wa Haudenosaunee kwa azimio la mwaka 1988. Kinachonishughulisha zaidi ni kile kilichoachwa.

Chini ya Sheria Kuu ya Amani, yaani katiba ya Haudenosaunee, watoto hufuata ukoo wa mama, na mama mkuu wa ukoo ndiye anayemteua chifu wa kuketi katika baraza lenye viti 50. Chifu huvikwa pembe za kulungu ziwe alama ya madaraka yake. Akianza kujitafutia makuu na kuwasahau watu wake, huonywa mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Asiposikia, huvuliwa pembe hizo na kurudi kuwa mtu wa kawaida, bila vita na bila kusubiri muda wake wa uongozi uishe.

Mwaka 1893, Matilda Joslyn Gage, mpigania haki za wanawake wa jimbo la New York, alipokelewa katika ukoo wa mbwamwitu wa Wamohawk, mojawapo ya mataifa ya Haudenosaunee, akaandika kwamba akina mama wa huko wangeamua kama awe na sauti katika kumchagua chifu. Mwaka huohuo, nyumbani kwake, alishtakiwa kwa kujiandikisha kupiga kura.