Kanga tatu

Watu wakishajua we ni daktari wa wanawake swali la kwanza ni lile lile, "mkeo hana wivu?" Nimeshazoea, nacheka tu. Wife mwenyewe anasema anaionea wivu simu, maana ndo inayolala katikati yetu.

Sikuingia chuo nikitaka huku bana, nilitaka mifupa. Nikapiga MD, digrii ya udaktari, miaka 5, ukifika intanshipu mwaka mzima wanakuzungusha idara zote, mi nikaanzia leba na nilikuwa naogopa aisee, mtoto anatoka anateleza kama kambale. Zamu ya nne hivi, mama wa mimba ya tano kajifungua salama, kondo limetoka lote, nikajaza kwenye faili damu mililita 200, nikaenda kunawa najiona nimemaliza.

Mkunga wa zamu, mama mtu mzima amebakiza miezi tu astaafu, akaniita, "dokta hebu njoo." Akavuta kanga zilizokuwa chini ya yule mama, zilikuwa tatu, moja akanibebesha. Nzito kama nguo uliyoitoa kwenye beseni hujaikamua. "Na hizi umezihesabu?" Sikuzihesabu. Mgonjwa alikuwa anaongea vizuri tu, anauliza mtoto kilo ngapi, ila usoni jasho la baridi, mapigo ya moyo 130. Yani hapo ndo utajua wajawazito wanavyodanganya, mwili unavumilia unavumilia halafu unaanguka ghafla. Sista keshaanza kukanda kizazi, tukaongeza oksitosini ya kukaza kizazi, dripu mikono yote miwili, mimi mbio maabara kutafuta damu, nikapata chupa mbili. Akapona. Sista hakunisema mbele ya mtu, alinipa tu kalamu nikafute ile 200.

Mifupa nikaisahau hapo hapo. Baadaye nikarudi kusoma ubingwa miaka 3, ambayo sitaisimulia, ni zamu, kulala kwenye kiti na kukosa harusi za ndugu.

Mwaka 2023 yakatoka majibu ya utafiti unaitwa E-MOTIVE, hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu, wanawake zaidi ya laki mbili. Walichofanya hata hakina maajabu, mama akijifungua anawekewa karatasi la plastiki lenye mfuko wenye vipimo, damu inaingia humo unaisoma, na ikionekana inazidi husubiri dawa moja igome ndo ujaribu nyingine, unakanda kizazi, oksitosini, traneksamiki ya kuzuia damu, dripu, unakagua imechanika wapi, vyote kwa mpigo. Kesi mbaya za kutoka damu zikashuka asilimia 60. Nilivyosoma nikamuona sista na kanga zake kabisa.

Kwa Tanzania takwimu za 2022 zilionyesha vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai laki moja, wakati takwimu za 2015-16 zilisema 556. Najivunia, siwezi kuficha. Ila oksitosini inataka friji, nyuzi 2 mpaka 8, na kuna sehemu niliwahi kufanya kazi friji la dawa lilikuwa na soda za watumishi na umeme ukikatika hakuna anayejali, halafu dawa ikigoma tunamlaumu mama, eti kizazi chake kimechoka.

Hayo makaratasi ya vipimo nayo kuna siku yanaisha. Juzi yaliisha, nikamkuta intern wangu, binti mdogo mdogo, amekunja kanga iliyolowa ameiweka kwenye mzani wa watoto, pembeni ana kanga kavu, anatoa hesabu, gramu moja anaifanya mililita moja. Ikaja 640. Sista wa zamu akawaka, "we mtoto huo ni mzani wa vichanga!", binti anaomba msamaha huku anakimbilia dripu.

Mzani tuliufuta na klorini. Nimeomba wa pili, bado nasubiri saini.