Kutoka Marylebone hadi Wolverhampton, nikifuata picha za kuunganisha

Asubuhi nilipanda treni Marylebone, London, na bahasha ya kaki mapajani. Ndani yake mlikuwa na nakala mbili za picha ambazo marehemu baba, fundi wa studio ya picha pale Tanga, angetoa chochote azione.

Kituo cha kwanza kilikuwa Leamington Spa. Nilipanda taratibu barabara iitwayo Parade, majumba meupe kushoto na kulia, mpaka sehemu ya juu ambako Henry Peach Robinson alifungua studio yake mwaka 1857. Nikasimama kando ya njia nikatoa picha yake ya 1858, Fading Away. Binti amelazwa kwenye mito, uso umemsawijika. Dada yake kasimama nyuma yake, mama kakaa miguuni pake, na baba katupa mgongo, anatazama nje dirishani. Ule mgongo ndio unaonichoma. Kuna wanaume wa kwetu wanaolia hivyohivyo.

Hawakupigwa wote kwa mkupuo. Picha ina negativu tano za kioo, yaani picha za kinyume ambazo penye mwanga huwa peusi, zilizochapwa moja baada ya nyingine kwenye karatasi ileile, ikiwemo ile ya anga la dirishani. Vioo vya siku zile vilipakwa kolodioni, dawa ya majimaji inayonata, vikachovywa kwenye maji ya nitrati ya fedha, na ilikuwa lazima upige na kusafisha kabla havijakauka. Tena mwanga uliotosha kuonyesha sura za watu chumbani uliliunguza anga likabaki jeupe tupu. Kwa hiyo kila kipande kilihitaji kioo chake.

Watu walimjia juu Robinson, wakisema ameingilia faragha ya mtu katika saa yake ya mwisho. Kumbe yule binti alikuwa mzima wa afya, wa miaka kama 14, aliyekaa tu apigwe picha. Mimi siuoni udanganyifu hapo. Wachoraji walichora vifo karne na karne, hakuna aliyewauliza kama maiti ni ya kweli.

Nikabadilisha treni Birmingham, na mchana nikashuka Wolverhampton. Mji wa kazi huu, hauna madaha ya Leamington. Darlington Street inateremka kutoka katikati ya mji, ina maduka na mabasi, na ndiko Oscar Rejlander, mzaliwa wa Sweden, alikokuwa na studio. Hapa ndipo nilipokaa sana.

Picha yake, The Two Ways of Life, ina negativu zaidi ya 30. Mzee mwenye hekima anawaingiza vijana wawili duniani: mmoja anaelekea kwenye kazi, ibada na huruma, mwingine kwenye kamari, pombe na wanawake walio uchi. Ilimchukua kama wiki sita. Alifunika karatasi yote, akaacha wazi sehemu ya mtu mmoja tu, akaipeleka juani, akairudisha, akafunika upya. Karatasi ya ukubwa ule haikuwepo, akaunganisha mbili. Ukikosea mtu wa 29, kazi yote imeharibika.

Mwaka 1857 ilionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya sanaa Manchester, na Malkia Victoria akainunua kwa gini 10, fedha ya zamani ya Kiingereza. Kule Scotland wakaikataa kwa sababu ya ule uchi. Baadaye wakaionyesha nusu yake imefunikwa. Mwaka 1859 tu Rejlander akaandika kwamba amechoka na picha za kuunganisha, hazina faida wala heshima. Maneno hayo yananiuma, kwa maana nimeiona kazi yenyewe ikifanywa.

Bibi alifariki kabla ya harusi ya shangazi. Baba akamtoa kwenye picha ya kitambulisho, akamweka katikati ya wanawe kwenye picha ya harusi.

Nilikaa kwenye ukuta mfupi kando ya barabara nikapiga simu nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamwomba aiteremshe ile picha ukutani, atazame bega la kushoto la bibi. Nikasikia kiti kikivutwa, kisha kimya.

"Pana mstari," akasema. "Mwembamba kama unywele. Baba yako alikesha akiupaka penseli ili mimi nisiuone."