Wadudu wa maua, wiki ya sita: "askari" 41 wamebaki 9

Faili la simu nililoliita "mbawakawa askari" lilikuwa na picha 41, zote za hapa nyumbani Moshi: kwenye giligilani niliyoiacha ichanue, kwenye alizeti, na kwenye vichoma nguo kando ya mfereji. Wiki hii nimezipitia upya. Zimebaki 9, nyingine ni za mbawakawa wa koo nyingine.

Kosa langu ni kupiga picha za mgongo tu. Rangi ya chungwa na nyeusi ni kama sare ya shule, huvaliwa na watoto wa koo nyingi.

Wa kwanza kutoka walikuwa rahisi: mabawa yametanuka kwa nyuma, yana mistari iliyoinuka na vijumba kama wavu. Hao ni Lycidae, ukoo wa mbawakawa wenye mabawa ya wavu. Kimulimuli naye hasumbui, kichwa chake kimefichwa chini ya ngao ya kifua. Askari, yaani Cantharidae, ukimtazama kwa juu kichwa unakiona, vipapasio ni virefu kama uzi, na mabawa ni laini, yanabonyea.

Shida ni hawa wa malengelenge, Meloidae. Nao mabawa yao ni laini, kichwa kiko wazi, na wanashinda mauani. Shingo yao ni nyembamba na kichwa kimeinama, lakini kwa picha ya juu hilo halionekani vizuri. Ikabidi nihesabu pingili za wayo wa mguu wa nyuma. Askari anazo 5, na ya nne imepasuka kama kwato ya mbuzi. Wa malengelenge anazo 4 tu, ingawa miguu ya mbele na ya kati anazo 5.

Sasa mhesabie pingili mdudu wa sentimita moja anayekimbia! Niliwatia kwenye kopo, nikaliweka friza dakika tano wapoe. Mama akafungua kutafuta samaki.

"Mwanangu, mende unawalaza na kitoweo?"

"Si mende, mama, ni mbawakawa."

"Kwani nimekuuliza jina?"

Mmoja wa hao wa malengelenge nilimshika kwa vidole kabla sijajua. Alipobanwa akatoa majimaji ya njano kwenye viungo vya miguu, na kesho yake nikaamka na lengelenge kama punje ya hindi. Ile ni kantharidini, sumu yao. Kinachonikera ni kwamba jina linafanana na Cantharidae, kumbe askari hana sumu hiyo hata chembe! Yeye anakula chavua, nekta na wadudu mafuta, na buu wake huwinda humo humo udongoni. Kwa hiyo giligilani haipigwi dawa, hilo tumeshakubaliana na mama.

Giligilani yenyewe inakauka. Nimeacha karoti nne bila kung'oa ili zichanue, na kuanzia sasa kila mdudu nampiga picha tatu: juu, ubavu, mguu wa nyuma. Friza bado naruhusiwa. Mama amenipa kopo lenye mfuniko wa kukaza, ameliandika kwa kalamu nyekundu: SI CHAKULA.