Maswali ya Baba Mdogo kuhusu Kaunti ya Finney

Nimerudi Kongwa, mkoani Dodoma, mwezi uliopita baada ya miaka 12, na nimegundua kwamba jirani zangu wengi tayari wanayo Marekani yao, yenye maghorofa na treni za chini ya ardhi, wala hawana haja kubwa na ile niliyokaa mimi. Aliyetaka kuijua ni baba mdogo peke yake. Amefuga ng'ombe maisha yake yote, na tulipomaliza salamu zetu ndefu za Kigogo aliniuliza swali ambalo hakuna mtu mwingine aliyeniuliza tangu nishuke kwenye basi: "Huko ulikokuwa, kuna mto?"

Mto upo. Unaitwa Arkansas, ingawa watu wa jimbo la Kansas hulitamka jina hilo kwa kulimalizia "kanzas", na mgeni akilitamka kama lile jimbo la Arkansas husahihishwa papo hapo. Chanzo chake ni milima ya Rocky katika jimbo la Colorado, nao hupita Garden City, makao makuu ya Kaunti ya Finney nilikoishi, kusini-magharibi mwa Kansas. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mwaka ukisimama darajani pale mjini huoni maji bali mchanga, nyasi na alama za matairi ya vijana wanaocheza na magari yao. Nilimwambia baba mdogo kwamba ni korongo kama letu, akaelewa mara moja. Kansas iliishtaki Colorado katika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1901 kwa kuyazuia maji hayo, majimbo hayo mawili yakawekeana mkataba wa kuyagawana mwaka 1949, yakarudi mahakamani mwaka 1985, na mwaka 2005 Colorado ikalipa fidia ya zaidi ya dola milioni 34. Baba mdogo, ambaye amesuluhisha kesi nyingi za ng'ombe kuingia mashambani, alishangaa kusikia shauri la maji linaloweza kurithiwa na vitukuu.

Kisha akauliza juu ya watu. Kaunti ya Finney ina kilomita za mraba 3,375 hivi, yaani ni ndogo kidogo kuliko wilaya yetu, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 38,470, kati yao 28,151 wakiwa Garden City. Kongwa, kwa sensa ya mwaka 2012 tu, ilikwisha kuvuka watu laki tatu. Ukitoka mjini unaweza kuendesha gari nusu saa bila kukutana na mtu anayetembea kwa miguu. "Sasa ng'ombe anawachunga nani?" akauliza, nami nikalazimika kueleza kazi yangu, kwa sababu ng'ombe wa kule hawachungwi. Huingizwa katika mazizi makubwa ya kunenepeshea, maelfu kwa maelfu katika eneo moja, wakaletewa chakula kwa lori miezi kadhaa hadi siku ya kupelekwa machinjioni. Mimi nilikuwa mmoja wa wanaolala na kuamka na harufu ile. Chakula chenyewe ni mahindi na mtama, maana Kansas ndilo jimbo linaloongoza Marekani kwa kilimo cha mtama.

"Mtama? Mnawapa ng'ombe mtama?"

Hapo mazungumzo yalisimama kwa muda, na mama mdogo aliitwa kutoka jikoni aje asikie mwenyewe.

Jambo lililonichukua jioni nzima kulieleza ni jinsi mahindi yanavyostawi mahali ambapo mvua ya mwaka mzima haipishani sana na yetu, takriban milimita 500. Chini ya ardhi ile kuna tabaka la mchanga na changarawe lenye maji, liitwalo Ogallala, lililotandaa chini ya majimbo 8 kuanzia South Dakota hadi Texas. Mkulima huchimba kisima katikati ya shamba, akaunganisha bomba refu lililobebwa na minara yenye magurudumu, nalo likazunguka polepole kama mshale wa saa huku likinyunyiza maji. Ndiyo maana ukiwa ndani ya ndege unaona nchi imejaa miduara ya kijani. Maji hayo yalikusanyika kwa maelfu ya miaka, na katika sehemu kubwa ya magharibi mwa Kansas yanavutwa kwa kasi inayozidi mno ile ya mvua kuyarudisha.

Wenyeji wa nchi ile zamani walikuwa Wacheyenne, Wakiowa, Wacomanche na wengine walioishi kwa kufuata nyati wa Marekani. Baada ya mikataba ya Medicine Lodge ya mwaka 1867 walisukumwa kwenda eneo ambalo leo ni Oklahoma, na wawindaji wa ngozi wakawamaliza nyati. Kaunti ilipochorwa mwaka 1873 iliitwa Sequoyah, kwa heshima ya Mcherokee aliyebuni maandishi ya lugha yake. Miaka 10 baadaye jina hilo lilifutwa, ikapewa la David Finney, naibu gavana wa wakati huo. Kwa maoni yangu walibadilisha dhahabu kwa bati. Ramani yake ina pembe iliyochomoza kaskazini-mashariki, ambayo ni mabaki ya kaunti nyingine, Garfield, iliyoanzishwa mwaka 1887. Miji ya Ravanna na Eminence iligombea kwa ukali kuwa makao makuu yake, hadi vipimo vilipoonyesha kwamba kaunti yenyewe haikufikia ukubwa uliotakiwa na sheria. Mwaka 1893 ikamezwa na Finney, na leo miji yote miwili ni magofu.

Katika miaka ya 1930 tambarare zile zilizolimwa bila simile ziligeuka vumbi lililoficha jua mchana. Hilo halikuhitaji maelezo Kongwa, kwani wazee wetu waliyaona matrekta ya mradi wa karanga wa Waingereza yakija mwaka 1947 na mradi ukafa mwaka 1951, ukiacha ardhi ngumu iliyochanwachanwa.

Kilichoijaza Finney watu ni nyama. Kiwanda kikubwa cha nyama kilifunguliwa karibu na mji mdogo wa Holcomb, humo humo kauntini, mwishoni mwa mwaka 1980, na kwa kuwa wenyeji hawakutosha, wakaja Wameksiko, Wavietnamu, na baadaye Waburma na Wasomali. Kaunti iliyokuwa na watu wasiofika 24,000 mwaka 1980 ilivuka 40,000 mwaka 2000. Kiswahili changu hakikufa kwa sababu ya Wasomali waliokulia Dadaab, kambi ya wakimbizi iliyoko Kenya, ambao walinisalimia kwa lafudhi ya Kenya na kunicheka nilipowajibu kwa ya Dodoma. Mwaka 2016 wanaume watatu kutoka nje ya kaunti walikamatwa wakipanga kulipua nyumba walizopanga Wasomali hao pamoja na chumba chao cha kuswalia. Walihukumiwa Januari 2019, kila mmoja miaka 25 au zaidi. Wiki ile ya kukamatwa, nilimkuta jirani yangu Msomali akipika pilau kama kawaida, ila mlango ameusukumia kabati.

Usiku wa mwisho wa maswali, baba mdogo alirudi kwenye maji. Nilimwambia kwamba kila Januari wataalamu wa Kansas huzunguka visima vipatavyo 1,400 magharibi na katikati ya jimbo, wakitumbukiza utepe wa chuma kupima maji yameshuka kiasi gani. Alinyamaza, akaiweka fimbo yake ukutani. Asubuhi nilimkuta kisimani, ameshafunga jiwe kwenye kamba, akinisubiri nihesabu mafundo.